Dhambi Kubwa na Dhambi Ndogo

Ilikuwa siku ya posho, saa tisa mchana. Katika parokia moja ya Katuba, watoto wa kalasi ya tano walikuwa wamekaa juu ya ukuta mfupi wa kanisa wakingoja zamu yao ya kuungama. Jua lilikuwa kali. Kila gari lilipopita, vumbi jekundu liliruka na kutua juu ya mashati yao meupe.

Mtoto mmoja alikuwa akilia. Aliuficha uso ndani ya shati, lakini mabega yake yalitikisika. Mwenzake aliyekaa kando yake alikuwa akipiga mluzi na kurusha vijiwe katika mfereji. Katekista aliwaona. Akawaita wote wawili chini ya mwembe, akawauliza habari zao. (Maneno ya chini ya mwembe twaweza kuyasimulia. Maneno ya kitubioni hakuna ayajuaye. Padri mwenyewe hana ruhusa kuyasema, hata akitishwa kuuawa.)

Yule aliyelia alisema:

"Mwalimu, nina dhambi ya mauti. Siku moja ya Mungu sikwenda Misa. Sasa majuma manne yamepita, sipokei Komunyo. Naogopa kufa usiku. Silali vizuri."

"Kwa nini hukwenda Misa siku ile?"

"Mama alikuwa na malaria, alitetemeka sana. Baba alikuwa kazini. Mdogo wangu hajui kutembea bado. Nilibaki nyumbani, nikachota maji, nikambeba mtoto."

Katekista akamgeukia yule mwingine. "Na wewe?"

"Mimi sina neno kubwa, Mwalimu. Nina dhambi ndogo moja tu. Nilitoa noti mbili za franka mia tano katika kitambaa cha nkambo. Ni pesa kidogo sana."

Nkambo wa mtoto huyu ni mjane. Huuza makala kwa mafungu mbele ya mlango wake. Noti zile mbili ndizo zilizokuwa faida yake ya siku nzima, na kwa faida hiyo hununua unga wa bukari. Usiku ule nkambo alisema kwamba hana njaa. Akanywa maji, akalala.

Tazameni sasa, watoto. Wote wawili walikuwa na mizani mbovu. Yule ambaye hakutenda dhambi hata moja siku ile alijifungia mwenyewe mlango wa Komunyo kwa majuma manne, akakosa na usingizi. Yule aliyemlaza nkambo na njaa alikuwa akipiga mluzi. Basi yafaa tujifunze vema namna ya kupima, maana anayepima vibaya huumia, ama huumiza wengine.

Kanisa hufundisha kwamba dhambi zote hazilingani. Fundisho hili si jipya. Mtume Yohane, katika barua yake ya kwanza, sura ya 5, aandika kwamba iko dhambi iletayo mauti, na iko dhambi isiyoleta mauti. Ile ya kwanza twaiita dhambi kubwa, au dhambi ya mauti. Ya pili ni dhambi ndogo, na wengine huiita dhambi nyepesi.

Sisi wa Katuba tunajua habari za umeme. Kuna usiku taa huwaka nyekundu kama kaa la moto. Mtoto hawezi kusoma kitabu chake, redio nayo hukoroma. Lakini waya bado umefika nyumbani, na umeme kidogo unapita. Kuna usiku mwingine ambapo mtu amekata waya kwenye nguzo ili auze shaba. Hapo ni giza tupu. Ukibonyeza swichi mara mia, taa haiwaki, mpaka fundi apande juu na kuuunga waya tena.

Dhambi ndogo ni kama ule umeme dhaifu. Mapendo ya Mungu yamo rohoni bado, ila yamepungua nguvu. Mtu husali kwa uvivu, hukasirika upesi, huona kazi ya wengine kuwa si kazi yake. Dhambi ya mauti hukata waya. Neema yenye kutakasa hutoka rohoni, na urafiki wa mtu na Mungu huvunjika. Akifa hivyo bila kujuta, amejitenga na Mungu kwa milele, na kutengwa huko ndiko kuitwako jehanamu. Mfano wetu una kasoro moja, nayo ni kubwa: waya wa nyumba hukatwa na mwizi usiku, lakini waya wa roho hakuna mwizi anayeweza kuukata. Mwenye roho peke yake ndiye awezaye.

Ndiyo sababu Kanisa husema kwamba dhambi ya mauti huwa na mambo matatu pamoja. Jambo lenyewe liwe zito. Mtu ajue vema kwamba ni zito. Tena alitake kwa moyo wake, bila kulazimishwa. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, dhambi ya mauti haipo. Pengine iko dhambi ndogo, pengine hakuna dhambi kabisa.

Tuanze na jambo zito. Amri kumi za Mungu zinatuonyesha: kuua, kuzini, kuiba, kushuhudia uongo, kuwadharau baba na mama. Lakini hapa watoto wengi huuliza: je, kila wizi ni mkubwa? Mtoto aliyechuma embe moja kwa jirani amefanya sawa na mtu aliyevunja duka? La, hapana. Tangu zamani walimu wa Kanisa walifundisha kwamba wizi haupimwi kwa hesabu ya pesa tu. Hupimwa pia kwa hasara ya aliyeibiwa. Franka elfu moja katika mfuko wa tajiri, pengine mwenyewe hataona kwamba zimetoka. Franka elfu moja zile zile katika kitambaa cha mjane ni chakula chake. Anayemnyang'anya maskini riziki yake ya siku ametenda jambo zito, hata kama noti zenyewe ni chakavu na hazitoshi kununua viatu.

Wauzaji nao wana hila yao. Mnajua meka, kile kipimo cha bati cha kupimia unga sokoni. Mwuzaji mbaya hugonga kitako cha meka kwa nyundo mpaka kiingie ndani. Mnunuzi hutazama juu, huona unga umejaa, huona hata umechongoka kama mlima, hulipa. Unga uliokosekana ni konzi moja. Mwuzaji husema moyoni: konzi moja si kitu. Lakini hugonga kitako hicho kusudi aibe konzi moja kwa kila mtu, kutoka asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima. Yeye hakukusudia konzi moja. Alikusudia magunia. Na Mungu huangalia lile alilolikusudia.

Nataka kuwasimulia habari za kijana mmoja wa nchi yetu, kwa sababu yeye alijua kupima. Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayochunguza ubora wa bidhaa mpakani. Siku moja mwaka 2007 ilifika shehena ya mchele ulioharibika. Wenye mali walimpa pesa ili aipitishe. Alikataa. Wakarudi tena na pesa, akakataa tena. Mwezi wa Julai mwaka huo alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Watu wengine wangesema: kutia sahihi karatasi ni jambo gani? Ni wino kidogo tu. Kila mtu hufanya hivyo mpakani. Lakini Floribert hakutazama wino. Alitazama sahani. Aliona watoto wa Goma wakila mchele ule na kuumwa matumbo, na wengine kufa. Naye alikuwa Mkristo wa jumuiya ya Sant'Egidio, akizoea kukaa na watoto wa barabarani. Watoto hao hula kilicho rahisi sokoni. Basi alijua wazi nani atakayekula. Jambo zito si lazima lifanywe kwa panga. Huweza kufanywa kwa kalamu, na mtu amekaa vizuri kwenye kiti.

Jambo la pili ni kujua. Asiyejua hana hatia kama anayejua. Mtoto mdogo wa miaka minne akichukua peremende dukani, mama yake humrudisha dukani, humfundisha, na ndivyo inavyofaa. Lakini hatusemi kwamba ametenda dhambi. Kanisa huhesabu kwamba mtoto huanza kupambanua mema na mabaya karibu na miaka saba. Ndiyo maana Papa Pio wa Kumi aliamuru mwaka 1910 kwamba watoto wa umri huo waruhusiwe kuungama na kupokea Komunyo. Mwaka huo huo wamonaki Wabenedikto kutoka Ubelgiji walipewa kazi ya kuhubiri katika Katanga, na mwaka 1911 Wasalesiani wa Don Bosco wakafika katika mji huu, uliokuwa ukiitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966.

Lakini angalieni: kuna kutojua, na kuna kukataa kujua. Mtu analetewa waya wa shaba usiku, bei yake rahisi sana. Hamwulizi mwuzaji ameutoa wapi. Kwa nini hamwulizi? Kwa sababu analijua jibu, naye hataki kulisikia. Mtu wa namna hiyo asiseme, "Mimi sikujua." Kutojua kwake hakupunguzi hatia. Kunaiongeza.

Jambo la tatu ni kutaka, na hapa nitakaa kidogo zaidi, maana ndipo watoto wengi wanapoteseka bure.

Kuvunja sahani kwa kuteleza si dhambi. Utachapwa pengine, lakini fimbo haigeuzi bahati mbaya kuwa dhambi. Wazo baya likikujia kama nzi, nawe ukalifukuza, si dhambi. Hilo ni jaribu, na kulifukuza ni tendo jema. Mtoto aliyelazimishwa kwa nguvu na mtu mkubwa kufanya au kufanyiwa jambo baya hana dhambi. Dhambi yote ni ya yule aliyemlazimisha. Mtoto huyo asijifiche kwa aibu. Amwambie mama yake, au mwalimu, au mtu mwingine mwema anayemwamini.

Na ndoto je? Katika mji wetu, na katika miji mingine ya Kongo, wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya ndoto. Mtoto aota kwamba amepewa nyama na mtu fulani, akaila. Asubuhi asimulia. Kesho ndugu mmoja anaumwa, na watu wasema: "Mtoto huyu ni mchawi, alikula nyama ya usiku." Wanamhoji, wanamnyima chakula, mpaka akubali kwamba ndivyo. Kisha wanamtoa nje, alale sokoni. Sikilizeni vema. Anayelala hana hiari. Asiye na hiari hawezi kutenda dhambi, wala kubwa wala ndogo. Ndoto ni ndoto tu, hata ikiwa ya kutisha namna gani. Lakini kumtupa mtoto barabarani, hilo si ndoto. Hufanywa mchana, na watu wazima walio macho. Kama kuna jambo zito katika habari hiyo, ndilo hilo.

Hasira na hofu na mazoea mabaya nayo hupunguza hiari, ingawa hayaiondoi yote. Kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye. Sisi twaweza kusema kwamba tendo hili ni zito, lakini moyo wa jirani hatuna mizani ya kuupimia. Kwa hiyo msimnyoshee mwenzenu kidole na kumwambia, "Wewe uko katika dhambi ya mauti." Hilo si la kalasi ya tano. Wala si la kalasi ya sita.

Pengine nkambo zenu wamewaambia kwamba zamani zao mtu aliyekunywa tone la maji asubuhi hakupokea Komunyo siku ile. Ni kweli. Zamani Wakristo walifunga kuanzia usiku wa manane, hata maji. Mwaka 1953 Papa Pio wa Kumi na Mbili alisema kwamba maji hayavunji mfungo tena. Mwaka 1957 aliufanya mfungo wa chakula kuwa wa saa tatu. Na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliupunguza uwe wa saa moja. Je, Kanisa limebadili dhambi? Hapana. Iko sheria ya Kanisa, na Kanisa lenye kuiweka laweza kuilegeza. Lakini amri ya Mungu isemayo usiibe, hakuna Papa aliyeilegeza, wala hatapatikana. Nkambo aliyeacha maji kwa heshima ya Bwana Yesu alifanya vema kwa wakati wake. Msimcheke.

Hata sheria ya Misa ya siku ya Mungu ina huruma ndani yake. Ni sheria nzito. Anayeiacha kwa uvivu, akijua, akitaka, ametenda dhambi kubwa. Lakini Kanisa lenyewe lasema kwamba mgonjwa hafungwi nayo, wala anayemtunza mtoto mchanga, wala mwenye sababu nyingine ya kweli. Yule mtoto aliyelia chini ya mwembe hakuvunja sheria yo yote. Nadhani mtu fulani alimfundisha nusu ya kwanza ya sheria kwa sauti kubwa, nusu ya pili akaisahau. Walimu tuwe waangalifu.

Tusifikiri sasa kwamba dhambi ndogo ni mchezo. Mnauona ule mlima mweusi wa Lubumbashi, kando ya bomba refu la moshi. Mungu hakuuumba pamoja na milima mingine. Ni takataka za tanuru la shaba lililowashwa mwaka 1911, zikamwagwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka zikawa mlima unaoonekana toka mbali. Dhambi ndogo hata zikiwa elfu hazijumlishwi zikawa dhambi moja ya mauti. Hesabu ya roho haiendi hivyo. Lakini anayedanganya kila siku katika mambo madogo, ulimi wake huzoea. Siku ya uongo mkubwa ikifika, kama vile kumshuhudia mwenzake uongo mbele ya mwalimu mpaka afukuzwe shule, haoni shida kuusema.

Namna ya kuziondoa dhambi nayo si moja. Dhambi ndogo huondolewa kwa njia nyingi: sala ya kutubu kwa moyo, Misa, Komunyo yenyewe, tendo la mapendo kwa jirani. Hatulazimishwi kuziungama, ila ni vema kuziungama, kama vile mtu afagiavyo uwanja kila asubuhi bila kungoja takataka zijae. Dhambi ya mauti ni lazima iungamwe. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1551 kwamba mtu aungame dhambi zake zote kubwa anazozikumbuka, aseme ni za namna gani na ni mara ngapi. Na ajuaye kwamba ana dhambi ya namna hiyo asiende kupokea Komunyo kabla hajaungama. Kama yuko mbali na padri, naye ajuta kwa sababu anampenda Mungu, si kwa hofu tu, tena ana nia ya kuungama mara atakapoweza, Mungu humsamehe palepale. Waya huungwa hata porini.

Lakini kwa mwizi kuna neno moja zaidi. Padri humwondolea dhambi kwa jina la Mungu. Unga hauwezi kuurudisha. Aliyeiba lazima arudishe, au angalau awe na nia ya kweli ya kurudisha kadiri awezavyo.

Katekista aliyaeleza hayo yote chini ya mwembe, kwa maneno mafupi kuliko haya yangu, kwa sababu foleni ilikuwa inasogea. Yule aliyelia alipangusa macho. Kesho yake, siku ya Mungu, alionekana katika mstari wa Komunyo, na mama yake nyuma yake, amepona, amembeba mtoto mgongoni.

Yule wa mluzi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, ile nyingine nimekwisha kuila. Nilinunua mikate."

"Na hii moja?"

"Iko ndani ya soksi."

Akaingia kwa padri. Alipotoka hakupiga mluzi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa nkambo wake, akamkuta anapanga mafungu ya makala kwa ajili ya jioni. Akapiga goti, akamtolea ile noti kwa mikono miwili, akasimulia yote. Nkambo aliipokea, akaitazama sana, akaikunja ndani ya kitambaa.

"Na ile ingine?"

"Nitaitafuta, Nkambo. Nitachotea majirani maji mpaka itimie."

Nkambo alipangusa vumbi la makala mikononi. "Bukari iko katika sufuria," alisema. "Kula kwanza. Ndoo iko nyuma ya mlango."